Kiganja Kilichokataa Kugeuka

Mpaka leo sikumbuki namna bega langu lilivyotoka mahali pake. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kilibula wananiuliza kila wanapokuja kusukwa, nami nimechoka kujibu vipande vipande huku nimeshika kitana. Mmoja amesikia nilipigwa na umeme. Mwingine amesikia nililogwa na msusi mwenzangu wa mtaa wa Songo, eti kwa wivu wa wateja. Mwingine bado anaamini ni pepo, na akikaa kwenye kiti changu anatazama mkono wangu kwa jicho la pembeni. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, ili mtu akiniuliza tena nimwambie akasome, aniache nifanye kazi.

Saluni yangu ni kibanda cha mabati kilichoshikana na nyumba ninayoishi na yaya. Yaya kwetu ni dada mkubwa, siyo mlezi wa watoto. Mama yetu alipokufa ndiye aliyenilea, na ingawa sasa mimi nina mvi ninazozificha kwa rangi ya dukani, yeye bado ananisemesha kama mtoto aliyekataa kuoga. Anauza ndakala, wale dagaa wa ziwa, wakavu na wabichi. Ni mwanamke wa maneno machache, na maneno yenyewe mengi ni amri.

Asubuhi ile nilikuwa peke yangu saluni, nangojea mteja. Nakumbuka nilishika kitana. Kinachofuata nakumbuka simenti. Nilikuwa chini, shavu limelowa, kikwembe nilichojifunga kimelowa, kichwa kimejaa ukungu, na yaya amepiga magoti kando yangu anaita jina la Yesu. Ulimi ulikuwa umevimba na una jeraha pembeni. Bega la kuume lilikuwa linawaka moto.

"Ni kuran," yaya akasema. "Kuran imekupiga. Ulishika ile mashine na mikono ya maji."

Kuran ni umeme, ndivyo tunavyousema Uvira. Mashine aliyoitaja ni ile ya kukaushia nywele, kuukuu kweli, na nyaya zake nimezifunga mwenyewe kwa plastiki. Nikaona inawezekana.

"Na haya maji?" nikamwuliza.

"Beseni imemwangika."

Beseni sikuliona, lakini ni nani anayetafuta beseni wakati bega lake linaungua? Ulimi nao, akasema, niliuuma wakati kuran inanitikisa. Nikaamini. Mtu akiamka kutoka mahali asipopajua, anaamini cha kwanza anachoambiwa.

Kwetu mtu aliyepigwa na kuran anafukiwa kwenye udongo wenye maji ili imtoke. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, hata wanaocheka wanaifanya. Majirani wakanibeba mpaka ziwani, wakachimba mchanga karibu na maji, wakanifukia mpaka shingoni. Hebu fikiri: mwanamke mzima mwenye heshima zake, kichwa tu ndicho kinaonekana, na watoto wamejipanga kama wanangojea sinema. Mama mmoja aliyekuwa anafua nguo akaja kunipangusa mchanga usoni, yaya akamrukia.

"Usimuguse! Kuran ingali mu mwili yake!"

Hakuruhusu mtu yeyote anikaribie. Alikaa pale kwenye jua kama askari, akinimwagia maji. Nilipochimbuliwa, kichwa kilikuwa chepesi na miguu ina nguvu. Bega halikubadilika hata kidogo. Mchanga ulikuwa umeingia mahali pasipotajika, na mkono haukuinuka.

Kesho yake tukaenda kituo cha afya. Yaya ndiye aliyeongea, maana kwetu mgonjwa haongei akiwa na mkubwa wake. Akaeleza kuran, mashine, maji. Muuguzi akanigusa bega, akalilinganisha na la pili, akaona halikushuka, halina shimo. Akanipeleka kupiga radio, yaani picha ya mifupa. Nikasimama kifua mbele, wakapiga, tukangoja. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakuna kintu kimevunjika. Bega iko mahali yake. Ni misuli tu, kuran iliikaza. Itafunguka."

Nikapewa vidonge na pomadi ya kupaka. Nilirudi nyumbani na furaha, hata nikamwimbia yaya njiani, naye hakuitikia.

Maumivu yalipungua kweli. Lakini mkono! Sijui niseme vipi. Ulikuwa wangu na haukuwa wangu. Kiwiko kilikunja vizuri, vidole vilicheza vyote, ningeweza kushika sindano. Ila kiganja kiliangalia tumbo. Nikinyoosha mkono mbele, kiganja kinaangalia chini, na nikikiambia kigeuke juu, hakigeuki. Si kwamba kilikuwa kizito. Kilikuwa kimefungwa, kama mlango uliokomelewa kwa ndani na aliyeukomelea hayumo. Na kuinua mkono juu ya kifua, usiseme.

Sasa mwambie msusi asuke bila kuinua viwiko. Mteja mmoja mvumilivu alinikubalia nijaribu. Nilimweka chini kabisa kwenye kigoda, nikapiga magoti nyuma yake, nikajipinda kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Nilisuka mistari michache upande wa kushoto, mingine ikalegea yenyewe. Alinivumilia mpaka machozi yakanitoka mimi. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kumaliziwa Songo, kwa yule yule mwenzangu. Ee Mungu wangu, siku hiyo nilitukana mpaka mabati yakasikia.

Hata kupokea kitu nilishindwa. Kwetu mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, viganja juu. Mimi nilikuwa napeleka mgongo wa mkono. Mama mzee anayeuza nyanya karibu na kwetu alinipa fungu, akasubiri, akaona mkono wangu umeinama tu juu ya fungu lake.

"Weye, unapokea sawa muntu anafukuza nzi?" akasema. "Mama yako hakukufunza?"

Nikamwambia nina ugonjwa. Akauliza ugonjwa gani. Lakini kwa karatasi mimi nilikuwa mzima. Picha inasema bega liko mahali pake. Bega linasema haliko. Nimwamini nani? Siku nyingine niliitoa ile picha na kuinua dirishani, nikaangalia mifupa yangu myeupe, mizuri, imetulia, na nikaichukia. Nilianza hata kujishuku. Labda ni uvivu, labda ni woga, labda mkono unangoja niukaripie. Nikawa naukaripia. Wewe cheka tu, lakini ukipatwa utaona.

Yaya akaita mama mmoja kutoka Kiringye, muunga mifupa anayejulikana bonde lote la Ruzizi. Alifika na majani yake, akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa cha moto. Alipitisha vidole kwenye bega polepole, macho amefumba. Kisha akanivuta mkono mara moja, nikapiga kelele, akauachia palepale.

"Mifupa iko yote," akasema. "Lakini haisikilizane. Minye naogopa hii mukono. Muipeleke mbele."

Mbele wapi, hakusema. Alikunywa chai yake, akakusanya majani yake, akaondoka, na mimi nikabaki na mtu wa tatu asiyejua.

Katikati ya hayo, jirani mwenye mashine ya kusaga mihogo akanichanganya zaidi. Nilikuwa namlalamikia kuran ya Kilibula, inayokuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu, na siku moja iliyokuja ndiyo ikanivunja mkono. Akakuna kichwa.

"Lakini mama, ile siku kuran haikukuwako. Minye sikusaga hata kilo moja. Nilishinda nalala."

Nikamwambia amekosea siku. Akasema hakukosea, kwa sababu alinibeba kwenda ziwani mwenyewe, na alikuwa na nafasi ya kunibeba kwa vile mashine ilikuwa kimya. Nikamwambia anyamaze, yeye ni fundi wa kusaga au ni jaji? Nikaenda kwa yaya kumweleza upumbavu wa huyo mwanamume. Yaya akasema kuran inaweza kuja dakika moja na kurudi. Nikaona sawa. Hata hivyo usingizi wangu ukawa mwepesi.

Ndipo tukafika kwenye maombi. Tunasali katika kanisa dogo la Waprotestanti pale mtaani, na kila Ijumaa kuna maombi ya wagonjwa. Nilienda bila kulazimishwa na mtu, nilikuwa tayari kwa lolote. Mwisho wa maombi pasta husema, "Fungueni mikono mupokee." Hapo kila mtu ananyoosha mikono mbele, viganja juu, kama anayekinga mvua. Mimi cha kushoto kilikinga. Cha kuume kilitazama chini.

Pasta alipita akigusa viganja, akafika kwangu, akasimama. "Mama, fungua mukono."

"Haifunguke, pasta."

"Fungua kwa imani."

"Imani iko. Mukono ndiyo haiko."

Watu wakaanza kugeuka. Pasta ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini alichokiona ni mkono unaokataa baraka mbele ya kanisa zima, na kwetu kitu kinachokataa baraka kina jina moja. Wakanizunguka. Wakaomba kwa sauti, wakaamuru mkono ufunguke, na kijana mmoja mwenye misuli, kwa upendo mtupu, akaushika akajaribu kuugeuza. Nililia kilio ambacho nadhani kilisikika mpaka bandarini. Wao wakafurahi, wakadhani ni yule pepo anatoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kama mimi ni mtu au ni nyumba ya mtu mwingine. Mchanga umeshindwa, picha imeshindwa, majani yameshindwa, sasa hata Mungu nimemnyooshea mgongo wa mkono. Nilimwambia yaya, huenda kweli nina kitu ndani. Yaya akaacha kupepeta ndakala zake.

"Huna pepo," akasema kwa ukali. "Usiseme ile neno tena."

Wiki iliyofuata tukasikia kwamba daktari wa mifupa ameshuka kutoka Bukavu, atakaa hospitali kwa muda kidogo. Tukaenda mapema, tukakuta benchi limejaa, tukakaa chini. Zamu yangu ilipofika yaya akaanza kueleza kuran. Daktari, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya usingizi, akamwinulia mkono taratibu.

"Mama, nasikiliza. Lakini ngoja nione kwanza."

Akaniambia nibane viwiko kwenye mbavu, kisha nifungue mikono nje, kila mmoja upande wake, kama mtu anayefungua pazia. Wa kushoto ukafunguka. Wa kuume ukagoma palepale tumboni. Akausukuma kidogo kwa vidole viwili, ukagoma. Akaniambia nigeuze kiganja juu.

"Docta, hata pasta alishindwa," nikasema.

Hakucheka. Akachukua ile picha yangu iliyosema ni mzima, akaiinua dirishani, akaishusha, akaiinua tena. Nikaona uso wake unafanya vile vile uso wangu ulivyokuwa ukifanya nyumbani.

"Hii picha inanivuruga," akasema. "Mkono unasema bega limetoka. Picha inasema limekaa. Mmoja anadanganya."

Siwezi kueleza nilivyofarijika. Mwezi na zaidi nilikuwa nimechanganyikiwa peke yangu, na sasa nilikuwa nimepata mwenzangu, tena msomi.

Akataka picha nyingine, iliyopigwa kutoka kwapani kwenda juu. Mpiga picha alinung'unika, hajazoea hivyo, mkono wenyewe hauinuki, ataweka wapi hicho kibao cha picha? Wakahangaika nami mezani, huyu anashika kiwiko, yule anashikilia kibao juu ya bega, mimi nauma kikwembe changu. Picha ilipotoka daktari aliitazama mara moja tu. Akatuita tukae.

Akakunja ngumi ya mkono mmoja, akaiweka kwenye kiganja cha wa pili. Hili ndilo bega, akasema, mpira ndani ya kisahani. Likitoka, karibu kila mara linatoka kwa mbele, na hata mtoto analiona, bega linashuka. La kwangu lilikuwa limetoka kwa nyuma. Ukipiga picha kutoka kifuani, ni kama kutazama sahani mbili zilizosimama moja nyuma ya nyingine: unaona moja, unasema kila kitu kiko sawa. Alama ilikuwapo, lakini ndogo. Kichwa cha mfupa, kwa sababu kilikuwa kimegeukia ndani, kilionekana duara mno, kama ampuli ya taa. Madaktari wengi wanaweza kufanya kazi miaka yao yote wasilione bega la namna hii hata mara moja.

"Na sasa?" yaya akauliza.

"Sasa ukingo wa kisahani umeingia ndani ya mpira, unaukwaruza. Kila siku inayopita unaula. Nitamlaza usingizi nijaribu kulirudisha. Likikubali, atasuka. Likikataa itakuwa kupasuliwa Bukavu, na kusuka siahidi."

Hapo nikaelewa kitu kimoja kati ya vyote: kumbe nilikuwa napoteza mkono huku watu wakiniambia ni mzima.

Daktari akauliza swali lingine, kalamu imesimama. Bega halitoki nyuma ovyo. Linatoka misuli yote ya mwili inapokaza kwa pamoja, yenye nguvu inaishinda dhaifu, inavuta mfupa. Inakuwa hivyo kwa umeme. Inakuwa hivyo kwa kifafa.

"Kuran," yaya akasema kabla sijafungua mdomo.

Daktari akaipitia mikono yangu yote miwili, akatafuta. "Iliingia wapi? Sioni alama ya kuungua." Kisha kwangu: "Uliuma ulimi?"

"Docta, minye sina kifafa!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno, nikasikia benchi lote la nje limenyamaza. Lazima mjue kifafa ni nini kwetu. Mtu akianguka nacho watu wanakimbia, hata akiangukia moto, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba povu lake likikugusa, basi, kimehamia kwako. Ana sahani yake, kikombe chake, mkeka wake. Nani ampe mtu kama huyo kichwa chake akisuke, ampumulie shingoni tangu asubuhi mpaka jioni? Afadhali kurogwa. Afadhali pepo, pepo anatoka.

Daktari akaandika kitu, hakubishana.

Walinilaza usingizi kesho yake. Nilipoamka yaya alikuwa kwenye kona, na daktari akaniambia limekubali, kwa shida, lakini limekubali. Nikajaribu kuutazama mkono nikashtuka. Hawakuufunga kifuani kama mikono mingine ya wodini. Waliufunga kwenye plasta ngumu umetoka nje, kiwiko ubavuni, kiganja kinatazama dunia. Akaeleza kwamba bega la nyuma linafungwa kinyume cha mabega mengine, ukilifunga kifuani linatoka tena. Sawa. Lakini nilipoanza kutembea mpaka kwenye lango la hospitali kupunga upepo, kila pikipiki iliyopita ilisimama. "Mama, twende?" Nikiwa nimesimama tu! Nikamtukana wa kwanza, wa pili akacheka, wa tatu nikamwomba radhi.

Siku ya kupita wodini daktari akakaa kwenye kitanda changu, yaya amesimama.

"Likitoka tena sidhani nitaliweza," akasema. "Mfupa umebonyea. Kama ni umeme, tupa hiyo mashine, umepona. Kama ni kifafa, unahitaji vidonge kila siku, la sivyo utaanguka tena na bega litaondoka. Siwezi kutibu nisichokijua. Fikirini, mniambie."

Akaenda kitanda kingine. Yaya akachukua sufuria yake, akatoka.

Nyuma ya wodi kuna uwanja ambapo ndugu wanaouguza wagonjwa wanapika kwa makala, yaani makaa. Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa anapuliza moto ambao ulikuwa tayari umewaka.

"Haikukuwa kuran," akasema bila kunitazama.

Nikasimama.

"Niliingia saluni nikakukuta chini. Macho imegeuka. Mwili yote inapigapiga, kichwa inagonga ku simenti. Povu inatoka, na mukojo. Nikakushika. Nikaweka kichwa yako ku mapaja yangu mupaka ikaisha. Kisha nikasikia muteja wako anakuja. Nikakupangusa povu mbio mbio. Nikasema kuran."

"Ulikuwa unajua?" Sauti yangu ilikuwa ndogo kwanza, kisha ikakua. "Ukaniacha wanifukie mchangani kama muhogo? Ukaniacha pasta ananikemea, yule kijana anavunja mukono yangu, muuguzi anaambiwa kuran, weye uko pale, unajua? Mficha maradhi, kifo humuumbua! Ni mukono yangu, yaya! Ni mukono ndiyo inanilisha!"

"Ningesema nini? Ukiitwa wa kifafa, nani atakaa ku kiti yako? Nilisema mukono itapona, na kazi itabaki."

Nilitaka kumpiga kofi, yeye aliyenilea. Wa kuume ulikuwa ndani ya plasta unasimamisha pikipiki. Nikainua wa kushoto.

Akarudi nyuma haraka, karibu aangukie makala. "Usiniguse!"

"Ati nini?"

"Usiniguse, mudogo yangu. Niliipangusa na mukono. Ilinifika mupaka ku kidole yenye ilikuwa na kidonda ya mwiba wa samaki. Minye pia niko nayo sasa. Nangoja tu siku yenye nitaanguka."

Mkono ukabaki hewani. Nikaanza kuona mambo niliyokuwa nimeyaona bila kuyaona. Tangu siku ile alikuwa anakula peke yake, anasema ameshiba ndakala za sokoni. Alikuwa amehamisha mkeka wake mpaka jikoni. Hakubeba tena mtoto wa jirani. Nami nilikuwa nimedhani amechoka na ugonjwa wangu, ananiona mzigo, na nilimnunia kwa hilo siku nzima nzima.

Sikumpiga. Nilimshika kikwembe, nikamburuta mpaka wodini, mbele ya watu wote, nikamsimamisha mbele ya daktari aliyekuwa anaandika.

"Ni kifafa," nikasema. "Huyu aliona. Sasa mwambie: povu inaambukiza?"

Daktari akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Hapana," akasema. "Haiambukizi. Mimi nimewashika wengi, na povu lao liliniloanisha."

"Hata kama ku mukono kulikuwa kidonda?" yaya akauliza.

"Hata."

"Kidonda ya wazi?"

"Hata ya wazi, mama. Kifafa hakipiti hivyo."

Akauliza tena, kwa maneno mengine, na tena, kama anayejaribu funguo. Kisha akakaa chini kwenye simenti ya wodi, miguu mbele, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akilia hata siku tulipomzika mama. Hakuwa analia kwa ajili ya bega langu. Nilikaa karibu naye nikajaribu kumkumbatia, na plasta ikamgonga shavuni.

Sasa nameza vidonge. Mkono haupandi wote, unafika juu ya sikio na kusimama, lakini kiganja kinageuka. Kwa nini kifafa kilinianza ukubwani, daktari alitaja sababu kadhaa, akasema vipimo vingine viko mbali, na mimi bado sijui ni ipi. Wateja wengine waliposikia waliondoka. Wengine walibaki, mmoja wao ni yule mama wa nyanya, ambaye anasema katika umri wake hana cha kuogopa. Nasuka polepole. Sijaanguka tena.

Kuna jambo moja sijamwambia yaya. Yeye aliamini kama mimi nilivyoamini, kwamba povu lile ni ugonjwa wenyewe, na aliweka kichwa changu mapajani mwake akiamini hivyo. Nimejiuliza mara nyingi: lau ningeingia mimi saluni asubuhi ile, nikamkuta yeye chini, ningemshika? Jibu ninalijua. Ningekimbia mpaka barabarani, nikapiga kelele nikiwa mbali. Anapoingia jioni na beseni lake la ndakala na kuniuliza mbona nimenyamaza, namwambia ni uchovu wa kusuka.